Istilahi za Mtandao wa Vitu Darasani: Uhakiki wenye Mifano ya Ufukwe wa Mwanza

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza istilahi chache zinazotumika, au zinazopendekezwa, katika kufundishia taaluma changa ya kuunganisha vitu kwa njia ya kompyuta, ili tuone zipi zinafaa, zipi zinapotosha, na zipi hazina budi kutafutiwa badala yake. Tumechagua mifano ya Mwanza na ufukwe wa Ziwa Viktoria kwa sababu mbili. Kwanza, huko kuna haja ya kweli ya vipimo vya maji, upepo na joto. Pili, Kanda ya Ziwa ina maneno yake ya kazi, na maneno hayo yanaweza kutusaidia au kutukwaza, kutegemea tunavyoyatumia.

Mwalimu wa Ilemela au wa Ukerewe anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake jinsi joto la maji ya Ziwa linavyobadilika mchana na usiku halazimiki tena kutegemea michoro ya kitabuni. Anaweza kuteremsha kihisi majini kando ya kizimba cha samaki, akakiunganisha na kidhibiti kidogo, na vipimo vikarushwa kwa redio hadi shuleni. Pale shuleni kompyuta ndogo huvipokea, huvihifadhi na kuvionyesha kwa mchoro. Vifaa vya namna hiyo vilibuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya wanafunzi: bodi ya Arduino ilianzia katika chuo cha usanifu cha Ivrea, Italia, mwaka 2005, na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliingia sokoni mwaka 2012. Programu zake nyingi ni huria. Kinachopungua ni maneno ya kufundishia.

Upungufu huo si mdogo. Shule zetu za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Lakini kila aliyewahi kusimama mbele ya darasa anajua kwamba pale mwanafunzi anapokwama, ufafanuzi hutolewa kwa Kiswahili. Tena, mitaala mipya imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, ambamo mwanafunzi hujifunza kwa kutenda. Neno baya katika somo la nadharia humpotezea mwanafunzi alama. Katika somo la vitendo, neno baya humfanya afunge waya pasipostahili.

1. Kigezo cha uhakiki

Wasomaji wetu wanaufahamu utaratibu wa kutafuta istilahi: kwanza Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Utaratibu huo ni mzuri, ila unatueleza mahali pa kulitafuta neno tu. Hautuelezi namna ya kulipima baada ya kulipata. Kwa hiyo katika makala haya tunaongeza swali moja: je, mtu aliyelisikia neno kwa mara ya kwanza atafanya jambo sahihi au jambo la makosa?

2. Mtandao wa vitu au intaneti ya vitu?

Jina la Kiingereza la taaluma hii lilitumiwa na Kevin Ashton mwaka 1999, alipokuwa akieleza bidhaa za dukani zilizobandikwa vitambulisho vya redio. Katika Kiswahili majina mawili yanashindana: intaneti ya vitu na mtandao wa vitu. La kwanza linafuata Kiingereza kwa karibu zaidi, na wapo wanaoliona sahihi zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Sisi hatukubaliani nao.

Tuchukue shule iliyo katika kisiwa cha Ukara. Kihisi, lango la kupokelea mawimbi na kompyuta ndogo vyote vimo ndani ya eneo la shule au karibu nalo. Vipimo husafiri kutoka kimoja hadi kingine bila kupita katika intaneti hata kidogo, na somo hukamilika. Mwalimu aliyeambiwa kuwa anafundisha intaneti ya vitu atadhani kwamba bila bando hakuna somo, na pengine atayarudisha mabunda sandukuni. Aliyeambiwa kuwa anafundisha mtandao wa vitu atauliza swali lililo sahihi: ni nini kimeunganishwa na nini?

Neno mtandao lina udhaifu wake. Limetwishwa mzigo mkubwa, kwani watu hulitumia kwa intaneti, kwa kampuni za simu, na hata kwa kundi la watu wanaosaidiana kisiasa. Hata hivyo asili yake, kitenzi tanda, inatoa picha ya kitu kilichoenea na kushikana, na picha hiyo ndiyo inayotakiwa hapa.

Ama kuhusu sehemu ya pili ya jina, wapo waliopendekeza vyombo badala ya vitu. Ufukweni pendekezo hilo halina nafasi. Mvuvi akisikia mtandao wa vyombo ataelewa mitumbwi, ngalawa na meli. Vifaa nalo ni neno finyu, kwa kuwa kinachounganishwa chaweza kuwa kizimba, ng'ombe au ghala la dagaa. Neno vitu halina urembo, lakini halimwongopei mtu.

3. Programu iliyo katikati

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa. Kati ya vihisi na programu anayoitazama mwanafunzi kuna programu nyingine isiyoonekana. Hiyo hupokea vipimo kutoka kwa vifaa vya watengenezaji mbalimbali, hugeuza lugha ya kila kifaa iwe lugha moja, huhifadhi, na kufikisha kwa anayehitaji. Neno la Kiingereza la programu za aina hii ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani: limo katika taarifa ya mkutano wa uhandisi wa programu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968. Maana yake ya juujuu ni bidhaa ya katikati tu.

Tafsiri inayomjia kila mtu haraka ni programu ya kati. Tukiipima kwa kigezo chetu inaanguka. Katika Kiswahili cha Tanzania -a kati huonyesha daraja, mara nyingi kuliko mahali. Wazee walisoma shule za kati, na siku hizi tunazungumzia uchumi wa kati. Mwalimu atakayeona programu ya kati katika kitini ataelewa programu ya wanafunzi waliopita hatua ya kwanza na hawajafikia ya juu. Kosa hilo halitagunduliwa upesi, kwa sababu sentensi itaendelea kuleta maana. Kosa linaloleta maana ni baya kuliko kosa lisiloleta maana.

Programu daraja nayo ina matatizo mawili. Neno daraja lina maana ya kivuko na maana ya ngazi, kwa hiyo utata ule ule unarudi kwa mlango wa nyuma. Tena, katika taaluma hii kuna kifaa kingine, cha kuunganishia mitandao miwili, ambacho kinalistahili zaidi neno hilo. Programu unganishi ni afadhali, ila haisemi lolote ambalo waya hausemi. Waya pia huunganisha. Kazi ya programu hii ni kuviwezesha vitu visivyosikilizana kusikilizana.

Tunapendekeza programu patanishi. Mzizi patana unabeba maana ya kukubaliana baada ya kutofautiana, na umbo lake linafuata njia inayojulikana na walimu wa sarufi, kama kitenzi kishirikishi. Akilisikia kwa mara ya kwanza, msomaji atajiuliza: nani na nani wanapatanishwa? Jibu la swali hilo ndilo somo lenyewe.

4. Dalali, tarishi na wakala

Ndani ya programu patanishi mara nyingi hukaa sehemu moja inayopokea ujumbe na kuugawa. Itifaki iitwayo MQTT, ambayo ilibuniwa na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper mwaka 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, inaiita sehemu hiyo kwa neno la biashara. Programu huria ya Mosquitto, inayotumika sana vyuoni, ni mfano wake.

Maneno matatu yamependekezwa. Tarishi ni neno la heshima la maofisini, lakini tarishi huchukua barua yenye jina la mpelekewa. Katika itifaki hii kihisi hakijui ni nani atakayesoma vipimo vyake. Wakala nalo limezoeleka tangu huduma za fedha kwa simu zilipoenea, ila wakala hufanya kazi kwa niaba ya mwenye mali mmoja anayejulikana. Dalali ndiye anayesimama kati ya watu wasiojuana. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mwenye dagaa kutoka visiwani hana haja ya kujua kama mnunuzi wake ni wa mkoa mwingine au wa nchi jirani. Anamkabidhi dalali, na mnunuzi naye anakwenda kwa dalali.

Tunafahamu kuwa neno hilo halina sifa njema kwa kila mtu. Wapangaji wa nyumba mijini wana malalamiko yao. Lakini sheria zetu zinamtambua dalali wa mahakama, na hakuna aliyeona kuwa jina hilo linaivunjia mahakama heshima. Tofauti moja mwalimu aitaje waziwazi: dalali wa ujumbe hachukui cha juu, na haweki bei. Baada ya hapo picha ya soko itamsaidia mwanafunzi kuliko ufafanuzi wa ukurasa mzima.

5. Maneno yaliyotafsiriwa kwa kamusi pekee

Kihisi kinapompa dalali ujumbe, Kiingereza hutumia kitenzi cha kazi ya magazeti na vitabu. Wafasiri wengi wameandika chapisha. Mwanafunzi anayesoma chapisha kwenye skrini hutafuta mashine ya kupigia chapa. Kitenzi kinachofaa ni tangaza, kwa kuwa kinachofanyika ni kutoa habari hadharani bila kumlenga mtu. Kwa upande wa anayepokea, jiandikishe limeshikamana mno na daftari la wapiga kura na siku ya kuanza shule. Fuatilia ni bora: kompyuta ya darasa hufuatilia joto la maji.

Si kila tafsiri ya moja kwa moja ni mbaya. Kila ujumbe hutangazwa chini ya kichwa chake, na vichwa hivyo hupangwa kwa ngazi, mathalani Mwanza, kisha Ilemela, kisha kizimba, kisha joto. Wafasiri wametumia mada. Walimu wamezoea mada kuu na mada ndogo katika mihtasari yao ya masomo, na mpangilio ni ule ule. Neno lilikwisha kuwapo darasani kabla ya kifaa kufika.

Kadhalika neno wasia. Katika itifaki hii kifaa kinaweza kumwachia dalali ujumbe wa kutangazwa iwapo kitakatika ghafla, kama vile betri inapokwisha au wimbi linapong'oa nguzo. Kuuita ujumbe huo wasia ni tafsiri sahihi kwa maana na kwa hisia, na hakuna Mswahili atakayehitaji kuelezwa mara ya pili.

Kihisi lenyewe linashindana na sensa. Neno sensa lina kazi yake tangu zamani, na kila mwananchi alilisikia mwezi wa Agosti 2022 wakati wa Sensa ya Watu na Makazi. Kitini kikisema sensa ya samaki, msomaji ataelewa kuwa samaki wanahesabiwa. Kihisi kibaki kuwa jina la jumla, na vifaa maalumu viendelee na majina yake, kama kipimajoto. Vilevile tusichanganye data na takwimu. Kihisi hutoa data. Data zikikusanywa na kuchambuliwa ndipo huzaa takwimu.

6. Huria, wazi na bure

Mwaka 1983 Richard Stallman alipoanza mradi wa GNU, alilazimika kueleza mara kwa mara kuwa alikuwa anazungumzia uhuru, bei haikuwa hoja yake, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa mambo hayo mawili. Mwaka 1998 wenzake wengine walianza kutumia jina jingine, la chanzo kilicho wazi, wakitumaini pamoja na mengine kuukwepa utata huo. Kiswahili hakikuwa na tatizo hilo hata siku moja. Bure ni bure, na huria ni huria.

Inasikitisha basi kuona nyaraka zinazoandika programu za bure pale panapokusudiwa programu huria. Matokeo yake si ya lugha tu. Afisa wa halmashauri anayeandika katika hati ya zabuni kuwa shule zipewe programu za bure hana haki ya kulalamika akiletewa programu ya majaribio, inayofanya kazi kwa muda na kisha kudai ada. Maneno ya zabuni yametimizwa. Shule imebaki na vihisi vizima na programu iliyofungwa, na hakuna fundi nchini anayeruhusiwa kuifungua.

Wazi nalo si kisawe cha huria. Kitu kilicho wazi kila mtu anaweza kukiona. Programu huria kila mtu anaweza kuiona, kuitumia, kuibadili na kuigawa, kwa masharti ya leseni yake. Neno wazi limepata bahati ya kusafiri: mradi wa Waziup, ulioanza mwaka 2016 kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya ili kueneza mtandao wa vitu barani Afrika, umejengewa jina lake juu ya neno hilo letu. Tunafurahi. Hata hivyo katika hati za Serikali tunashauri programu huria, pamoja na maelezo kwamba huria si kukosa masharti. Soko huria lina sheria zake, na Chuo Kikuu Huria kina mitihani yake.

Kuna faida nyingine inayowahusu wafasiri moja kwa moja. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa programu za ofisini kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hapakuhitajika kuomba kibali cha kampuni, kwa sababu chanzo kilikuwa huria. Lakini somo la pili la kazi ya aina hiyo halitajwi sana: programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyotunzwa huachwa nyuma. Orodha ya istilahi iliyochapishwa mara moja katika jarida haitoshi. Inapasa iwekwe pia ndani ya mafaili ya programu zenyewe, mahali ambapo mwalimu wa Sengerema anaweza kulisahihisha neno na sahihisho lake likamfikia mwalimu wa Musoma.

7. Neno ambalo halina mzaha

Tumeliweka mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Programu nyingi za namna hii huonyesha ujumbe wenye rangi pale kipimo kinapovuka kiwango kilichowekwa. Wafasiri wameandika onyo, hatari, tahadhari na angalizo bila mpango, kana kwamba ni maneno ya kubadilishana ili sentensi isichoshe.

Ufukweni maneno hayo hayabadilishani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutumia ngazi tatu katika utabiri wake wa hali mbaya ya hewa: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kila ngazi ina rangi yake, na mvuvi huamua kutoka au kutotoka kwa kuifuata. Mwanafunzi anayesoma TAHADHARI kwenye skrini ya shule, kwa sababu tu upepo umepita kiwango alichokiweka mwalimu kwa mazoezi, atalipeleka neno hilo nyumbani. Baba yake atafanya nini? Akilitii, amepoteza usiku wa kazi. Akiligundua kuwa si la kweli, hatalitii siku litakapokuwa la kweli. Ziwa hili lilizamisha MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Ingawa chanzo cha misiba hiyo hakikuwa tafsiri, watu waliozika jamaa zao hawastahili kuchezewa maneno ya usalama.

Msimamo wetu ni huu: maneno matatu ya Mamlaka yaachiwe Mamlaka. Programu ya darasani iseme kikomo kimevukwa, kisha itaje kipimo. Ikiwa oksijeni iliyoyeyuka katika maji ya kizimba imeshuka, skrini iandike kiasi chake kwa miligramu katika lita na kikomo kilichowekwa, basi. Mwanafunzi atajifunza kusoma namba, na mwenye kizimba atajua la kufanya.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijaribiwe na walimu na wafasiri:

mtandao wa vitu: vitu vilivyounganishwa ili vipeane data, pawepo intaneti au isiwepo;
programu patanishi: programu inayoviwezesha vifaa tofauti na programu tofauti kuelewana;
dalali wa ujumbe: sehemu inayopokea ujumbe na kuugawa kwa wanaoufuatilia;
tangaza, fuatilia: kutoa na kupokea ujumbe chini ya mada;
wasia: ujumbe unaotangazwa kifaa kinapokatika ghafla;
kihisi: kifaa kinachotambua hali na kuigeuza kuwa data;
programu huria: programu inayoruhusiwa kutumiwa, kuchunguzwa, kubadiliwa na kugawiwa kwa masharti ya leseni;
kikomo: kiwango ambacho kikivukwa programu hutoa taarifa.

Hatudai kwamba orodha hii imekamilika. Patanishi huenda likashindwa na neno litakalozuka kwenye midomo ya wanafunzi, kama kompyuta lilivyoyashinda Tanzania maneno yaliyobuniwa kwa juhudi kubwa. Likishindwa kwa sababu wamepata neno jepesi na la kweli zaidi, lugha itakuwa imefaidika. Tunaloliomba ni kwamba walimu wa Kanda ya Ziwa wasingoje. Wayatumie maneno haya mwaka mmoja, waandike ni wapi mwanafunzi alielewa na ni wapi alikwama, na watuletee maandishi hayo yajadiliwe katika kurasa hizi kabla istilahi hazijasanifiwa.